Schumann na kidole kilichomwasi

Mwezi uliopita nilialikwa arusini mtaani kwetu hapa Mombasa, na kama ilivyo desturi kwa watu wa umri wangu, nikaketishwa mbele, karibu na wapigaji. Taarabu ilianza baada ya sala ya Isha. Ilipofika saa sita za usiku, macho yangu yalikuwa yamemwacha mwimbaji yakamwelekea kijana mpiga kinanda. Kila wimbo ulipokwisha aliuteremsha mkono wake wa kulia, akauficha chini, akawa anaukamua kwa mkono wa kushoto kama mtu akamuaye nguo iliyorowa. Wimbo ulipoanza tena alitabasamu, akaendelea. Watu walimtunza noti. Hapana aliyemwuliza ana nini.

Siku ya pili jioni alinipitia barazani. Nikamwuliza habari ya mkono. Kwanza alikana, kisha akasema kweli. Kidole cha pete hakimsikii tena. Akikiamuru kiinuke hukawia, na akikiamuru kitulie hujikunja chenyewe. Kwa hivyo kila usiku akirudi kutoka kwenye shughuli hukifunga kwa mpira, akakivuta juu kwa muda mrefu ili kipate nguvu. Akanisihi, Ami tafadhali, nisimwambie kiongozi wa kikundi, kwani wako vijana wengine wanaokitazama kiti chake, naye ana mama wa kumlisha.

Mimi si tabibu wala si mpiga muziki. Ni mtu wa kalamu. Elimu yangu ya mwanzo niliipatia chuoni, juu ya ubao, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Lakini huko huko chuoni nilifunzwa jambo moja la mkono. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, akimwona mtoto ameikaba kalamu hata kucha zimegeuka rangi, humwamuru aiweke chini, aukung'ute mkono, ndipo aendelee. Alikuwa akitwambia kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Siku zile mimi nilidhani anatupa nafasi ya kucheza. Nilipokuja kuyasoma maisha ya Robert Schumann ndipo nilipofahamu alikuwa akitufunza nini. Na niliyomsimulia kijana yule pale barazani ndiyo ninayowasimulia nyinyi leo.

Schumann alizaliwa tarehe 8 Juni 1810 katika mji wa Zwickau, nchi ya Saxony huko Ujerumani, akiwa kitinda mimba katika watoto watano. Baba yake alikuwa mwuza vitabu na mchapishaji, hivyo mtoto alikulia baina ya vitabu na piano, asijue kama atakuwa mshairi au mwanamuziki. Mwaka 1826 baba akafariki dunia. Mama akabaki na hofu ambayo akina mama wa kwetu wanaijua vizuri, kwamba muziki si kazi ya kumpa mtu chakula. Akataka mwanawe asomee sheria, na mwaka 1828 kijana akapelekwa kwenye chuo kikuu cha Leipzig.

Sheria haikumwingia. Alichokitafuta Leipzig ni mwalimu wa piano, na aliyempata aliitwa Friedrich Wieck, mtu mkali na mwenye sifa. Mwalimu huyu alikuwa na binti, jina lake Clara, aliyetimiza miaka tisa mwaka ule ule wa 1828, na tayari alikuwa akipiga mbele ya watu. Msomaji, liweke jina la Clara moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka uliofuata Schumann alihamia Heidelberg, kwa jina kusoma sheria, kwa kweli kupiga piano. Wakati wa Pasaka ya 1830 alisafiri hadi Frankfurt kumsikiliza Paganini, yule Mtaliana mpiga fidla ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikimstaajabia kwa wepesi wa vidole vyake. Aliporudi hakuwa mtu wa sheria tena. Julai ya mwaka huo alimwandikia mama yake kumwomba ruhusa ya kuacha masomo. Mama, kwa busara, akamwandikia Wieck kumtaka shauri. Jawabu la Wieck lilikuwa kwamba, kijana akiwa na subira, akifanya mazoezi kila siku na kujifunza kanuni za utungaji, yeye atamfanya kuwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa kabisa, na kazi hiyo itachukua miaka mitatu.

Miaka mitatu! Fikiri, msomaji, uzito wa ahadi hiyo kwa kijana wa miaka ishirini aliyechelewa kuanza. Oktoba 1830 alihamia nyumbani kwa Wieck. Mwezi uliofuata Clara, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alifanya onyesho lake mwenyewe katika ukumbi mkubwa wa Leipzig. Kijana akawa anaishi nyumba moja na mtoto anayemshinda.

Hapa lazima nisahihishe hadithi iliyozoeleka. Husimuliwa kwamba Schumann alikuwa mzima wa mkono, kisha akatengeneza chombo cha kukitia kidole adabu, chombo kikakivunja kidole, na mambo yakaishia hapo. Hadithi hiyo ni nyepesi kuikumbuka, lakini kumbukumbu alizokuwa akiziandika mwenyewe zinaonyesha mpango mwingine. Januari 1830, kabla ya Paganini na kabla ya ahadi ya Wieck, alikwisha kuandika kwamba kidole chake kimoja kinakufa ganzi. Mkono wake wa kulia ulianza kulalamika mapema, wala haukuwa na chombo chochote. Chombo kilikuja baadaye, nacho kilikuja kwa nia ya dawa.

Majira ya kupukutika kwa majani, mwaka 1831, Wieck aliondoka na Clara kwa safari ndefu ya maonyesho hadi Paris. Njiani, katika mji wa Weimar, binti alipiga piano mbele ya mzee Goethe, mshairi mkubwa wa Wajerumani. Schumann alibaki Leipzig peke yake kwa miezi kadhaa, hana mwalimu wa kumsikiliza wala wa kumwambia pumzika. Muda wa ahadi ulikuwa ukimwishia, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kikizidi kudhoofika. Ndipo aliposhika chombo. Zama zile vyombo vya kufunza vidole vilikuwa vikiuzwa. Kimojawapo kilibuniwa mwaka 1814 na mwalimu wa piano aitwaye Logier, na wengi walikiamini. Schumann alikitumia chake ili kidole kikae mahali pake na kujifunza kusimama peke yake bila ndugu zake. Kufikia Juni 1832 aliandika kwamba kidole kimekauka kabisa, hakikunjiki wala hakitumiki.

Wewe uliyeshika gazeti hili, liweke kando kidogo ufanye jaribio. Weka kiganja chako juu ya meza. Kikunje kidole cha kati ndani, chini ya kiganja, na vingine vinne vinyooke. Inua gumba, litainuka. Inua cha shahada, kitainuka. Inua cha mwisho, nacho kitainuka. Sasa inua cha pete. Kimekataa, sivyo? Si uvivu huo wala si ukosefu wa mazoezi. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuviinua. Misuli hiyo iko kwenye kigasha, baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu. Kano za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho zimefungamana nyuma ya kiganja kama kamba za jahazi zilizopitishwa pamoja. Ukitaka kimoja kiwe huru na vingine vikalazwa, unapigana na umbile. Na katika vita hivyo mwenye kuumia ni wewe.

Turudi Leipzig. Matibabu aliyopewa Schumann yatamfanya msomaji wa leo atikise kichwa. Aliambiwa autie mkono wake ndani ya matumbo ya mnyama aliyechinjwa hivi punde, ili joto la mnyama liurudishie uhai, naye akaingiwa na hofu asije akapata tabia ya ng'ombe. Akauloweka katika machicha ya pombe kali yaliyopashwa moto, na usiku akaufunga majani ya dawa. Akajaribu kutiwa umeme, ukamzidishia. Akaenda kwa waganga wa dawa ndogo ndogo za matone. Hakuna kilichofaa. Novemba 1832 alimwandikia mama yake kwamba amekwisha kukubali, kidole hakitapona.

Kijana akanikatiza hapo akaniuliza: je, aliumwa? Hilo ndilo swali lenyewe, na madaktari wameshindana juu yake zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1971 mtafiti wa Kiingereza, Eric Sams, alitoa rai kwamba huenda Schumann alitiwa sumu na zebaki, dawa iliyotumiwa siku zile kwa ugonjwa wa kaswende. Mwaka 1978 madaktari wawili wa Uingereza waliipinga rai hiyo, wakaona kwamba aliumia mshipa wa fahamu katika kigasha. Kisha Mjerumani Eckart Altenmüller, ambaye ni daktari na pia mwanamuziki, akaeleza mwaka 2005 kwamba dalili zote zinafanana na maradhi yaitwayo distonia. Na katika distonia, aghalabu hakuna maumivu.

Distonia ya wanamuziki si uchovu wa kawaida. Msuli ukichoka huuma, ukipumzishwa hupona. Distonia iko ndani ya ubongo. Ubongo una sehemu yake kwa kila kidole, na mtu akirudia tendo moja la haraka mara maelfu kwa maelfu, mipaka ya sehemu zile inaweza kuchanganyika, hata amri ya kidole kimoja ikamfikia jirani. Mkono huweza kuandika, kula na kubeba mzigo kama kawaida. Ukigusa kinanda tu, kidole kinaasi. Inakisiwa kuwa huwapata takriban mmoja katika kila wanamuziki mia wa kazi. Na hatari yake kubwa ni hii: mwenye nayo hudhani kwamba amezembea, akaongeza mazoezi, na kila akiongeza ndivyo inavyozidi. Huko ni kuuzima moto kwa mafuta ya taa.

Hao ni mmoja katika mia. Wanaochoka na kuumia misuli na kano kwa njia za kawaida ni wengi zaidi. Mwaka 1988 yalichapishwa majibu ya wanamuziki zaidi ya 2,000 wa okestra za Marekani, na robo tatu yao walisema wana angalau tatizo moja la mwili ambalo linaudhuru upigaji wao kwa kiasi kikubwa. Hawa ni watu wenye mishahara na mikataba. Wengi katika wanamuziki hufanya kama afanyavyo kijana wetu: huuficha mkono na kutabasamu.

Basi Schumann akawa nini? Wahenga wa kwetu wanasema Mola hakupi kilema akakunyima mwendo. Mkono ule ule uliokataa kinanda haukukataa kalamu. Mwaka 1834, mjini Leipzig, yeye na wenzake walianzisha gazeti la muziki, na kwa takriban miaka kumi akawa ndiye mhariri wake. Mimi kama mtu wa magazeti hapo huona fahari. Alikwisha kumtangaza Chopin tangu 1831, wakati Wajerumani wengi walikuwa hawajamjua. Mwaka 1839, baada ya kuzuru Vienna na kuingia nyumbani kwa kaka yake marehemu Schubert, aliifukua simfoni kubwa iliyokuwa imelala miongoni mwa makaratasi, akaipeleka Leipzig ikapigwa. Na mwaka 1853 aliwatangazia watu kijana wa miaka ishirini asiyejulikana, jina lake Brahms.

Fauka ya hayo, alitunga. Kwa miaka kumi alitunga karibu kila kitu kwa ajili ya piano, ala ile ile iliyomkataa. Mwaka 1840 peke yake alitunga nyimbo zaidi ya 130. Mwaka uliofuata ikatoka simfoni yake ya kwanza.

Na nani alizipiga kazi zile za piano? Clara. Yule mtoto wa miaka tisa alikuwa amekuwa mwanamke na bingwa. Walipendana, baba yake akakataa katakata, wakaenda mahakamani wakashinda, na wakaoana tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla ya Clara kutimiza miaka ishirini na mmoja. Mume akawa anatunga, mke akawa ndiye vidole vyake. Tamasha la piano na okestra ambalo leo linapigwa dunia nzima, Clara ndiye aliyelipiga kwa mara ya kwanza huko Dresden mwaka 1845. Mwaka 1844 walisafiri pamoja hadi Urusi. Kule aliyeshangiliwa ni Clara, na Schumann alikuwa ni mume wa Clara tu. Sidhani kwamba safari ile ilikuwa nyepesi kwake.

Sitaki kuwadanganya kwamba jeraha lile lilikuwa neema. Katika miaka ya mwanzo ya 1840 ilibidi daktari aliyekuwa rafiki yake atoe ushahidi kwamba vidole vyake viwili haviwezi kazi, ili asamehewe kutumikia askari wa ulinzi wa mji. Miaka kumi ilikuwa imepita, na mkono bado mbovu. Maisha yake yote yalikuwa na vipindi vya giza la moyo. Februari 1854 alijitupa katika mto Rhine, akaokolewa, akapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn. Alifariki tarehe 29 Julai 1856 akiwa na miaka arubaini na sita. Hapana anayeweza kusema kwamba kidole ndicho kilichomfikisha huko, nami sisemi.

Clara alibaki mjane mwenye watoto saba wa kulea, kati ya wanane aliowazaa. Akawalea kwa piano. Programu za maonyesho yake zilizohifadhiwa ni takriban 1,300. Lakini yeye naye hakusalimika: katika miaka ya 1870 mkono ulimwuma hata akaacha kupiga hadharani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba Clara aliuacha. Alikwenda kwa daktari, akaupumzisha, kisha akarudi ukumbini mwaka 1875, na akaendelea kupiga mbele ya watu hadi 1891, umri wake ukipita miaka sabini.

Wote wawili walifunzwa na mwalimu mmoja. Wote wawili mkono uliwapigia kelele. Mmoja aliisikia kelele akadhani ni ukaidi, akauadhibu mkono. Mwingine aliisikia akaupumzisha. Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, na katika hadithi hii nzima hilo ndilo ninalolishika. Ngoma ikilia sana hupasuka, lakini kabla ya kupasuka hubadili sauti. Mwenye ngoma akiwa na sikio, huisikia.

Kijana wangu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama kuna aliyepona. Nikamtajia Leon Fleisher, Mmarekani mpiga piano, ambaye katikati ya miaka ya 1960 vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilijikunja vikakataa kunyooka. Alipiga kwa mkono wa kushoto peke yake kwa karibu miaka thelathini. Katika miaka ya 1990 alipata tiba ya kukanda misuli na sindano za kuilegeza, akarudi kupiga kwa mikono miwili, na akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka tisini na miwili. Hakupona kabisa, lakini alipiga. Nikamwambia pia kwamba sijui kama maradhi yake ni hayo au ni uchovu tu, na ndiyo maana asijitibu kwa mpira. Aende hospitali, amwone daktari wa mishipa na misuli, amweleze kwamba yeye ni mpiga kinanda na hupiga saa ngapi kwa usiku.

Akaufungua mpira akautia mfukoni. Juu ya kiongozi wa kikundi tulibishana. Mwisho tukaenda pamoja. Kiongozi, mzee mwenye fidla, alitusikiliza, kisha naye akaunyosha mkono wake wa kushoto akatuonyesha kidole ambacho hakijanyooka sawasawa kwa miaka mingi, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Wamepatana kwamba kijana atapiga nusu ya usiku, mwenzake nusu, na kiti kitabaki chake. Majibu ya daktari bado tunayangoja.

Kwenu nyinyi wenye arusi, nina ombi dogo. Mnapowaalika wapigaji, msiwahesabie kwa nyimbo kama mnavyohesabu sahani za pilau. Kila baada ya muda wapeni nafasi, na chai ya tangawizi, wakungute mikono. Na mkiona mmoja wao anauficha mkono chini ya kinanda, msimtunze noti tu. Mwulizeni ana nini.